Shamba la Vitunguu Chini ya Ngome

Bibi yangu, shikamoo.

Jana nilipanda kwenye magofu ya ngome ya kale hapa Japani. Imebaki misingi ya mawe tu. Enzi za ngome hiyo, chini yake zilikuwa kambi za askari waliosubiri kuvushwa bahari kwenda vitani. Sasa ni mashamba ya vitunguu. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipalilia aliniambia, "Wengi walikuwa wakulima. Hawakurudi."

Kwa Kijapani changu cha kubahatisha nikamweleza habari za baba yako, aliyetolewa shambani Msimbu akapigane na Wajapani kule Burma, wewe ukiwa bado tumboni. Akaweka jembe chini, akaniuliza jina lake. Nilipomsomea marehemu Fatiha, yule mama alisimama kando yangu, ameinamisha kichwa, mpaka nikamaliza.

Usikae kwenye umande, Bibi, kifua chako nakijua.

Mjukuu wako, Zuhura