Jina Lililokunyamazisha

Mjukuu wangu Mwadzuwa,

Huku Mishomoroni hatujambo. Babu yako, yaani kaka yangu, anakusalimu. Cheka tu kwamba bibi yako bado yuko kidato cha tatu.

Unauliza mbona huko Nakuru, hata huku kwetu, hakuna mwingine wa jina lako. Jina hilo liliogopwa. Waliopewa walikufa wadogo, basi nyumba yetu ikaacha kuliita.

Ulipozaliwa ulilia kutwa, ukakataa ziwa. Kina mama wakakuitia majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, kwa kuwa kwetu mtoto hunyonya akilisikia lake. Majina yakaisha, na sauti yako ilishakauka.

"Limebaki moja," nikasema. Nilikuwa darasa la pili, na mbele ya watu sikuzoea kufungua kinywa.

"Nyamaza wewe," mama akanikatiza. "Wataka tumzike?"

Mama yako akanitazama. "Liite tu."

Nikaliita kwa kunong'ona. Ukanyonya.

Wote walishukuru. Mimi, hadi leo, mama yako akipiga simu moyo hunidunda mpaka nikusikie mwenyewe ukisema, "Shikamoo, bibi."

Jumapili piga wewe.

Bibi yako,
Kadzo