Waliokuja Kumwombea Nadège

Jumatatu, Mutanga Nord, Bujumbura. Mvua tangu alfajiri.

Si ile mvua ya ngurumo inayopiga na kupita. Ni hii ya Aprili, inayokuja na kukaa kama mgeni aliyefungua mizigo. Nimekunywa chai, nikasimama dirishani, nikarudi mezani, nikasimama tena. Zaina, mke wangu, ameniambia nichague: ama nikae, ama nitoke nje nilowane, lakini niache kumpitapita mbele akichambua mchele.

Nimekaa. Naandika.

Wanaosoma ukurasa huu siku zote wanajua ninachofanya tangu nistaafu kufundisha. Kwa asiyejua, nieleze. Kila Jumamosi wanakuja barazani kwangu watafiti vijana wachache, watu waliomaliza shahada ya pili juzijuzi. Kupima wanajua, na hesabu za takwimu wananishinda. Wasichojua ni wanakokwenda.

Kosa si lao. Hapa kwetu mtafiti kijana anaishi kwa mradi. Ukija mradi wa mbu, anakamata mbu. Ukiisha, ukaja wa mihogo, anapima mihogo. Siku moja anagundua kwamba mvi zimeanza, ana vyeti vya semina vya kujaza kabati, na hakuna jambo hata moja ambalo watu wa mji huu wanaweza kusema: hilo, kamuulize yeye.

Ndiyo maana kila anayekuja namuuliza swali lile lile. Ukifika umri wangu, watu watakaobisha mlangoni kwako watakuwa wamekuja kukuuliza nini? Akishajibu, tunarudi nyuma polepole. Ili waje kukuuliza hilo, lazima uwe umefanya nini kabla? Na kabla ya hapo? Mpaka tunafika kwenye mwaka huu, na wiki hii. Lengo la muda mrefu naliona hivyo: unaanzia mlangoni mwa uzee wako, unatembea kurudi hadi hapa ulipokaa.

Halafu kuna stadi za kazi, zile ambazo chuo hakifundishi. Kupanga muda. Kuandika ili usomwe. Kukataa kazi isiyo yako bila kuvunja undugu. Mwezi huu tulikuwa kwenye kuomba. Kijana wetu anaweza kusimama mbele ya mkutano akaeleza mchoro wake kwa Kifaransa kisichokwaruza, lakini hawezi kumtazama mkubwa wake na kusema: mimi nataka hiki. Kwa hiyo niliwapa kazi. Kila mmoja aende kwa mtu aliyemzidi cheo, aombe kitu anachokihitaji kweli, kwa mdomo wake mwenyewe.

Sikufikiri hata kidogo kwamba mkubwa mwenyewe nitakuwa mimi.

Sasa nimtaje Nadège. Si jina lake, nimelibadilisha, ingawa wenzake watamjua tu. Anatoka mtaa wa Kinama. Yeye ndiye anayenipimia ziwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichukua maji ya Tanganyika kila mwezi, sehemu zile zile, kina kile kile, kuona jinsi joto lake na uangavu wake vinavyobadilika. Kipimo cha namna hii thamani yake yote iko katika kutokatika. Ukiruka miezi michache, umetoboa shimo ambalo hakuna atakayeliziba. Magoti yangu hayapandi tena boti. Yake yanapanda.

Nilipomuuliza lile swali langu, mbele ya wenzake, alijibu bila kusita: watakuja kuniuliza ziwa linaendeleaje. Nilifurahi sana. Nikawaambia wengine, mnaona? Hivyo ndivyo mtu anavyojua anakokwenda. Kwa wiki kadhaa nilimtolea mfano.

Alhamisi alinipigia simu. Akasema watu wake wanataka kuja kunisalimia nyumbani, Jumapili.

Mtu yeyote wa Bujumbura anajua ugeni wa aina hiyo. Zaina alijua kabla sijaweka simu chini: mtoto anaolewa, na wanataka nikae upande wa wazee wake. Akaanza kupanga pilau. Akanitolea kanzu. Mimi, nikiri, nilikuwa naomba tu harusi isiangukie wiki ya kupima.

Wakaja jana, baada ya alasiri. Baba mdogo wake, Mzee Melchior, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, ambaye mtaani kwao hakuna posa inayosemwa bila yeye. Shangazi mmoja. Na nyuma yao Nadège, amefunga kitambaa cha sherehe begani, macho chini, kama bibi harusi kabisa. Walibeba kreti mbili za Fanta. Mzee Melchior alieleza kabla hata ya kukaa kwamba alisimama dukani muda mrefu, maana tangu azaliwe hajawahi kufungua mdomo kwa jambo kubwa bila pombe kuwepo chumbani. Lakini nyumba ya Waislamu ni nyumba ya Waislamu. Zaina alicheka, akamwambia ataona kwamba maneno yanatoka hata kwa Fanta.

Yakatoka. Alianza na ng'ombe, kama inavyotakiwa. Alisema zamani walikuja hapa na ndama wao, wakamkuta mchungaji mwema, wakamwachia. Ndama akanywa maji safi, akanenepa, pembe zikatoka. Majirani wote wanamsifu. Nilikuwa nikitikisa kichwa kwa adabu huku nikimtafuta bwana harusi. Hakuwepo. Hakuna hata kijana mmoja aliyekuja nao. Mwishowe nikauliza, kwa upole, ni nani anayemchukua mtoto wetu.

Mzee Melchior akaweka chupa chini.

"Apana, Prof. Hakuna mutu anamuchukua. Ni wewe tunakuomba umuachie."

Ilibidi nielezwe, tena bila ng'ombe. Kuna chuo katika nchi jirani kinachochukua vijana wa kusomea shahada ya udaktari juu ya udongo na makorongo. Wamemwandikia Nadège kwamba wanamtaka. Kilichobaki ni barua ya mapendekezo kutoka kwa aliyemsimamia. Mlango unafungwa Ijumaa hii. Ziwa halimo.

Nilikasirika, na niandike hapa kwa nini. Kuondoka nisingeshangaa, watu huondoka. Nilikasirika kwa sababu msichana mwenye shahada ya pili, niliyemfundisha mwezi mzima kuomba kwa mdomo wake, alikuwa amekaa nyuma ya baba yake mdogo akitazama vidole vya miguu. Nikasema hivyo. Nikasema barazani kwangu mtu anajisemea.

Mzee Melchior hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto wa darasa la pili, na mimi si mtu aliyezoea kuelezwa.

"Akisema yeye, hiyo ni kukuacha," alisema. "Tukisema siye, hiyo ni kukuomba. Yeye hataki kukuacha, Prof. Ndiyo sababu siye tuko hapa."

Nikamuuliza, basi lile jibu la ziwa lilikuwa nini? Alinijibu Nadège mwenyewe, sikumtarajia.

"Uliuliza mbele ya watu, Prof. Mbele ya watu ningekujibu nini?"

Shangazi yake akamgusa goti anyamaze. Hakunyamaza.

"Mi nataka kujua korongo la nyuma ya kwetu litafika wapi. Mwaka jana lilichukua choo. Mwaka huu limechukua jiko ya jirani. Mama ananiuliza kila mvua, we umesoma, litasimama wapi? Mi namuambia sijui, nimesoma maji ya ziwa."

Halafu akatazama tena chini.

Na mimi nikafanya nini? Nilivuta kanzu, nikakaa wima, nikatoa jibu ambalo mila inaruhusu. Nikasema: tumewasikia, nasi tuna watu wetu wa kushauriana nao, mtarudi. Katika posa hilo ni jibu la heshima. Hakuna anayetoa mtoto siku ya kwanza. Mzee Melchior aliridhika kabisa, akamimina Fanta iliyobaki. Ni Nadège peke yake aliyeinua macho. Wengine wote walikuwa kwenye posa. Yeye alikuwa kwenye Ijumaa.

Nilimlaumu kwa kujificha nyuma ya mila, na dakika ileile nikajificha humo humo.

Walipoondoka, Zaina alikuwa akikusanya chupa. Alisema bila kunitazama, "Kuomba umemufundisha. Kujibu utamufundisha lini?"

Nikajifanya natafuta miwani.

Tangu jana naligeuza hili kichwani. Jambo linaloniuma ni dogo na la kitaalamu, karibu nione aibu kuliandika. Nimefundisha njia yangu ya malengo kwa vijana wengi, na nimeiandika hapa mara nyingi. Kumbe ina tundu mahali ambapo kila mtu wa nyumbani angeliona. Nauliza hadharani. Mbele ya mzee, na wenzake wakisikiliza, kijana wetu aliyelelewa vizuri atampa mzee kile kinachomfurahisha mzee. Hadanganyi. Anaheshimu. Nimekuwa nikikusanya heshima na kuiita malengo.

Fabrice, mwingine wa vijana wangu wa Jumamosi, alisema atafuata ndagaa. Bora jibu lake nalo nilipime upya.

Na ziwa je? Siwezi kujifanya halinihusu. Naona mwezi wa kwanza bila kipimo, kisha wa pili. Naona lile shimo. Saa nyingine leo asubuhi nimejisikia nikitunga maneno ya busara ya kumshawishi abaki: makorongo yapo tu, asome ziwa kwanza, akimaliza atarudi kwenye udongo. Maneno mazuri. Yangemshinda, maana hana silaha dhidi yangu. Ndiyo maana alileta wazee.

Mvua ilipoanza alfajiri, simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka kwake.

"Prof, boti haitatoka leo. Nitapima kesho kukiacha kunyesha."

Basi. Hakuuliza jibu. Hakutaja korongo, na maji haya yote yalikuwa yakishuka nyuma ya nyumba ya mama yake.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kisha nimeandika barua. Imechukua muda mfupi, kwa sababu nilichopaswa kusema juu yake nakijua vizuri: kwamba anapima bila kukosa, kwamba akikosea anasema, kwamba amekuwa akifanya kazi yangu kwa uaminifu wakati moyo wake uko kwenye kazi yake. Nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Ningeweza kuituma kwa kompyuta, na chuo kile nitakipelekea nakala leo leo. Lakini watu walikuja kwangu na Fanta na ng'ombe wa maneno. Hawajibiwi kwa kompyuta. Nimempigia Hamisi, rafiki yangu wa Bwiza tangu utotoni, fundi cherehani, ambaye upande wetu ndiye msemaji wa kila harusi. Nimemwambia leo baada ya adhuhuri twende Kinama, atasema kwa niaba yangu. Atasema tumekubali. Halafu aombe jambo moja: kabla hajaondoka, Nadège amwoneshe mtu mwingine namna ya kupima. Mtu huyo bado simjui. Nitawauliza wale vijana mmoja mmoja, faraghani, na atakayesema hataki ziwa nitamwambia asante.

Hamisi aliniuliza, "Na wewe utafanya nini huko?"

"Nitakaa nyuma, ninyamaze. Kama Nadège."

Alicheka hadi akakohoa. Alisema hiyo ataivalia suti.

Zaina anasema tununue kreti mbili, zisipungue zile walizoleta. Mvua haijapungua pia. Barabara ya Kinama itakuwa tope tupu, na nataka kabla hatujakaa nilione hilo korongo kwa macho yangu, nisimame ukingoni, nione limebakiza hatua ngapi.

Nikilitazama nitajua mengi ya kusema: juu ya udongo, juu ya mteremko, juu ya wapi aanze kupima kwanza. Na Hamisi atakuwa amekwisha kuanza kusema habari za ng'ombe.

Je, kweli nitaweza kunyamaza?