Mwanafunzi Wangu Anatibu Mifugo kwa Jina Langu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Kitui, na mwaka jana chuo kimoja kilituomba sisi tulio kazini tuwashike mkono wanafunzi wao, nikapewa Muindi, kijana wa mwaka wa tatu kutoka Kilungu, mpole, wa kanisani, tukiwa safarini njia nzima ni kuuliza maswali, nikampenda kama mtoto wangu, nikampa hata koti langu jeupe lenye jina kifuani. Wiki iliyopita nilienda Zombe kuchanja mbuzi, mama mmoja anaitwa Kanyiva akaniuliza, "Na wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ni Daktari Nzomo. Akasema, "Daktari Nzomo tunamjua, ni kijana, na ndiye aliniulia ng'ombe."

Mshauri, nilikaa chini kwa mchanga. Ng'ombe alikuwa anazaa, ndama akakwama, Muindi akavuta kwa kamba mpaka kizazi kikapasuka, na huyo ndiye ng'ombe pekee aliyewapa wajukuu wa huyo mama maziwa. Nilimkuta Muindi nyuma ya soko, amekodi chumba, amejaza dawa, amevaa koti langu, watu wamepiga foleni. Hakukimbia. Alisema, "Daktari, si wewe uliniambia nijiamini? Hapa hakuna daktari, hawa wangengoja nani?" Nikaondoka bila kusema neno. Nikimripoti atafukuzwa chuo, na mama yake hunipigia simu kila Jumapili kuniombea baraka. Nikinyamaza, jina ni langu. Nifanye nini?

Nduku Nzomo, Kitui. (Usilifiche jina, limeshachafuka.)

Daktari Nduku, pole sana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Kumpenda kijana hukukosea. Lakini uliondoka bila neno? Ukamwacha na sindano mkononi? Hapo umenikasirisha kweli. Kila mnyama aliyedungwa tangu siku hiyo, wewe ulijua.

Na hayo maneno yake yasikulainishe. Ni kweli Zombe kupata daktari ni shida. Lakini ndama alipokwama, nambari yako alikuwa nayo. Hakupiga kwa sababu ungemwambia, "Toa mkono, nakuja."

Sasa sikia. Enda leo, uchukue koti lako, ufunge hicho chumba. Mpeleke kwa Mama Kanyiva aseme jina lake la kweli na alichofanya, na usimsaidie kuongea. Kagua wanyama wote aliowatibu. Kesho muende pamoja kwa bodi yenu na kwa chuo. Akikataa, enda peke yako. Kufukuzwa au kutofukuzwa, hiyo wataamua wao. Mama yake mpigie wewe, kabla hajasikia kwa watu. Na adhabu yoyote atakayopewa, usimtupe. Akikuuliza kama siku moja atakuwa daktari, mjibu ukweli: hujui bado.

Weka gazeti chini, tafuta funguo za gari. Zombe ni mbali.