Mfungo wa Jumatano

Junda, Kisauni
12 Februari 2023

Kwa mama mkwe wangu,

Shikamoo mama. Natumai mguu umepoa na sikio limepata nafuu. Huku twapumua, na wajukuu wako watano wanakula kama wachimba mtaro. Mumeo mdogo Kenga, mkubwa wao, amevunja sahani nyingine, anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti ua mzima utajua yangu. Barua anakuletea jirani yako Masha, akirudi kutoka kuuza nazi Kongowea.

Mama, mwanao Munga alisimama kanisani mwanzo wa mwaka, akaomba waumini wamlilie Mungu pamoja naye tupate binti. Aitwe Nyamvula, nawe upate somo wa kubeba jina lako kabla hujafumba macho. Ukiwa mke wa mzee wa kanisa huna pa kujificha. Tangu siku ile akina mama wanafunga kila Jumatano kwa ajili yangu. Jioni wanakuja hapa, midomo imewakauka kwa njaa, wananiwekea mikono tumboni na kuomba.

Wanashika tumbo tu, mkono hawaushiki. Mkononi, chini ya ngozi, nina kijiti cha kupanga uzazi. Niliwekewa baada ya kitindamimba, baada ya kutokwa damu mpaka nikaongezwa ya watu. Daktari aliniambia nikirudia sitoki. Munga alikuwapo akasikia, akasema daktari naye ni mtu, na kupanga uzazi ni kumfungia Mungu mlango. Mchungaji naye, kila ubatizo ni neno lile lile la podo lililojaa mishale, kwamba heri mwenye watoto wengi. Munga hajui kuhusu kijiti. Joto lote hili la kaskazi navaa mikono mirefu.

Nimechoka, mama. Ombi hili ni la jina lako. Mwenye jina akisema basi, Munga atasikia. Nakuomba useme.

Mkaza mwanao,
Phoebe

---

Kaloleni
5 Machi 2023

Mama Kenga,

Marahaba. Mguu haujapoa, mvua haijanyesha, na mke wa Masha ameanza kutembea ameshika kiuno, bado miezi miwili tu ajifungue.

Elimu yangu ni ya gumbaru, ya ukubwani, nasoma nikifuata kwa kidole. Kidole kilipofika kwenye kijiti kikasimama.

Nilizaa wanane, nikazika watatu. Nikabaki na mabinti wanne na huyu Munga. Mabinti wameolewa, watoto wao wamebeba majina ya kwa wakwe zao, na ndivyo ilivyo. Marehemu mume wangu alipata somo siku aliyozaliwa Kenga. Mimi bado nangoja. Kila ukijifungua nasimama mlangoni, na kila mara anayekuja ni mwanamume. Ndiyo, ni mimi niliyemwambia Munga kwamba nataka somo. Mtu akifa bila somo, jina lake huzikwa naye. Na damu, mwanangu, zilitutoka sote. Hatukujitia vijiti mwilini, tulimwachia Mungu.

Unataka niende nimwambie Mungu sitaki tena, na hali nataka? Siwezi kumdanganya kwa uzee huu. Siri yako nitaitunza kwa kuwa uliniamini. Ombi langu siliondoi.

Mume wangu Kenga mwambie akivunja nyingine nitamwacha.

Mamako mkwe,
Nyamvula

---

Junda, Kisauni
7 Mei 2023

Mama,

Shikamoo. Hatujambo kwa kiasi chetu. Masika yameingia, ua ni matope matupu na nguo za watoto hazikauki. Angalau sasa hakuna anayeniuliza habari ya mikono mirefu.

Jibu lako nililipata na sikukasirika. Ulisema kweli. Huku kila mtu anasema kwa upole mpaka kweli yenyewe inapotea.

Jumatano iliyopita Lavender alianguka. Ni yule jirani yetu kutoka bara, ananyonyesha watoto pacha. Alikuwa anakuja kuniombea, akaanguka mlangoni pangu na mtoto mmoja mgongoni. Nilimpa uji akaukataa. Akasema jua halijatua, na mfungo wa Nyamvula hauvunjwi. Mama, Lavender ana njaa yake ya kutosha nyumbani, kumwongezea na yangu ni dhambi.

Siwezi kuendelea kukaa nikiombewa mlango ufunguke, na ufunguo ninao mimi. Kusema pia siwezi. Munga ataondolewa kwenye wazee wa kanisa, nami sijui nitalala wapi. Kwa hiyo mwisho wa Juni nitaenda kukitoa kijiti. Nikishika mimba nikapita salama, utapata somo. Nisipopita, nakuomba uwalee wanangu. Kitindamimba halali mpaka ashike sikio la mtu. Wengine hawana shida.

Sikutishi, mama. Nimechoka kubishana, na Mungu, na mwanao, na nafsi yangu. Kama una neno, Masha anaijua nyumba.

Mkaza mwanao,
Phoebe

---

Kaloleni
25 Juni 2023

Mama Kenga,

Sijui barua hii itakukuta na kijiti au bila. Masha hajashuka mjini muda mrefu. Mkewe alijifungua kwa shida na hana mtu wake karibu, nikawa mimi wa kumkanda na kumpikia uji. Leo nimemwambia asiuze hata nazi moja kabla hajafika kwako.

Lile neno la sikio limeninyima usingizi. Namwona mtoto akipapasa gizani, analishika hili la kwangu lisilosikia, na hata akilia sitajua. Mchungaji wenu hulisifu podo likijaa. Baba yangu alikuwa na podo la kweli, la ngozi. Lilipopasuka, mishale yote ililala mchangani.

Mke wa Masha amepata binti. Siku ya kumpa jina nilimwambia Masha, mamako amekwishapata somo wawili, mimi sina hata mmoja. Akaniuliza, mimi na wewe ni ukoo gani, nyanya? Nikamwambia ukoo wa uji. Akacheka mpaka akakaa chini. Mtoto anaitwa Nyamvula.

Si damu ya Munga, na sitakuficha, nililia. Nilimtaka wa kwenu. Lakini jana nilimwita akageuza kichwa, nami nikafurahi kuliko nilivyotaka.

Basi ombi limejibiwa. Humu nimetia na karatasi ya pili, mpe Munga aisome kanisani. Nimewashukuru waumini na kuwaambia somo nimempata, wasilie tena kwa ajili yangu. Humo sikuongopa. Waambie akina mama waanze kula.

Kijiti sikukitaja. Hicho ni cha kwako na mumeo.

Mamako mkwe,
Nyamvula

---

Junda, Kisauni
16 Julai 2023

Mama,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Masha alinikuta nimeshavaa viatu vya kwenda kliniki. Nilisoma nimesimama, kisha nikavivua.

Munga alisoma karatasi yako kanisani. Mchungaji akasema amina. Jumatano tukapika wali kwa nazi za Masha, mchana kweupe, na Lavender akala sahani mbili bila kuongea.

Walipoondoka nilikunja mkono wa gauni nikamwonyesha Munga. Alihamia kwenye mkeka wa watoto, siku baada ya siku, na salamu ikawa ya kuitikia tu. Jana akaja akakaa kando yangu, akakigusa kwa kidole, akauliza kama kinauma. Nikamwambia hakiumi.

"Sasa unalia nini?"

"Nimechoka, Baba Kenga. Nimechoka tu."

Akainuka, akachukua ndoo, akaenda kunichotea maji.

Nibebee somo wako.

Mwanao,
Phoebe