Mwisho wa Filamu ya Jasusi

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Kilosa tu wazima, ila magoti yamenigomea na hata kuongea kunanichosha.

Umeuliza kwa nini ulipokuja likizo nilizima ile filamu ya jasusi kabla haijaisha, nikafungulia zilipendwa redioni. Ujanani mwangu, filamu kama ile ililetwa ukumbini bila mkanda wa mwisho. Watu walipozomea, mwonyeshaji akatuwekea santuri ya dansi. Nikacheza na msichana wa Tindiga nisiyemjua, naye akanisimulia mwisho aliojitungia: jasusi anachoka kukimbizwa, anarudi kwao kulima mpunga.

Msichana huyo ndiye bibi yako. Tangu tumzike, sitaki kuonyeshwa mwisho mwingine.

Babu yako