Mama, Baba Mdogo Amerudi Kibanjani

Mama,

Baba mdogo Kaijage hakunyongwa. Amerudi. Anaishi palepale, ng'ambo ya mpaka wa kibanja chetu cha migomba, ule aliokuulia, na jioni namsikia akikohoa katikati ya migomba yake.

Nilipokuja kaburini kukuambia kwamba amehukumiwa kunyongwa, nilikuwa na miaka minane na niliamini mambo yamekwisha. Nilikuwa nimesimama mahakamani Bukoba, mbele ya jaji aliyekuja kwa meli kutoka Mwanza, nikaeleza nilichokiona: mlivyogombana juu ya mpaka baada ya Baba kufa, alivyoinua panga, ulivyoniita mara moja tu. Mkalimani akayageuza maneno yangu ya Kihaya kuwa Kiingereza. Kaijage hakunitazama.

Kisha akakata rufaa. Karani wa mahakama alikuja kumweleza Bibi, nami nilikuwa pembeni nikimenya ndizi.

"Majaji wa rufaa wamesema mtoto hakuulizwa kwanza kama anaelewa kiapo, wala kama anajua wajibu wa kusema kweli. Kwa hiyo maneno yake hayawezi kuwa ushahidi. Na hakuna mwingine aliyeona, basi wamemwachia."

Bibi akauliza, "Wamesema amedanganya?"

"Hapana, mama. Hawakusema hivyo."

Lakini kijijini ndivyo walivyoelewa.

Wangeniuliza, Mama. Ningewaambia ulivyokuwa ukinituma na maneno kwa majirani, ukinishika sikio kidogo: "Yafikishe kama nilivyokupa. Usiongeze, usipunguze." Nami njia nzima nilikuwa nikiyarudia hadi mlangoni kwao. Ningewaambia hayo, wangeelewa. Hawakuuliza.

Jumapili iliyopita tulikutana naye tukitoka kanisani Kashozi. Mimi sasa ni msichana mkubwa, na unajua desturi yetu: binti humwamkia baba mdogo kwa kupiga magoti. Watu wakasimama kutazama. Bibi akaninong'oneza, "Koku, piga magoti, yaishe." Sikuweza. Miguu haikukunjika.

"Bado unasema ni mimi?" akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia kahawa imezaa vipi.

"Ni wewe, baba mdogo. Nilikuwa nyuma ya migomba. Nilikuona."

Alishusha kofia yake usoni, akapita. Mke wa katekista, ambaye tangu ile rufaa alikuwa haitikii salamu yangu, akaja akanishika mkono. Tukatembea naye hadi njia panda.

Sauti yako ikiniita, ile mara moja, bado naisikia. Nikiteka maji. Nikiwa darasani, mwalimu anaandika ubaoni. Nageuka, hakuna mtu. Siombi uache, Mama. Ukiacha nitabaki na nini?

Basi pumzika. Mimi na Bibi tunakilima kibanja chako hadi mpakani kabisa, hatujamwachia hata mgomba mmoja. Na atakayeniuliza, leo au nikiwa kizee, nitamtajia jina la Kaijage, na jina lako.

Mwanao,
Koku