Jina Lililoshonwa Kifuani

3 Machi

Kwa Bibi nisiyekufahamu,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na wote wa hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila Babu kifua kinamsumbua, na ngazi za kwetu siku hizi anazipanda kwa vituo.

Nisamehe kukuandikia bila kujuana. Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzi tu. Watu wanasema nikupigie simu, lakini mimi kwenye simu hunyamaza mpaka mtu anakata. Nimeona bora kalamu.

Babu yangu alikuwa askari vitani enzi za ujana wake. Mwezi uliopita tulikwenda ofisi ya askari wastaafu, maana anataka siku yake ikifika azikwe kama askari, bendera juu ya jeneza. Karani akapekua mafaili, akakunja uso, akasema, "Mzee, wewe ulikufa vitani. Jina lako limechongwa ukutani hapo nje."

Tukatoka kuangalia. Kweli lipo. Babu akaligusa herufi kwa herufi, kisha akanigeukia. "Kumbe mimi ni marehemu, na bado unaninyima sukari kwenye chai." Nilicheka, tukarudi ndani.

Karani akaja kukuta picha ya Babu kwenye faili jingine, lenye jina la kaka yako. Utumishi wote wa Babu umeandikwa kwa jina hilo. Babu anasema waliwahi kubadilishana mashati yaliyoshonwa majina siku ya kugawiwa sare, ndipo mambo yakachanganyika. Tumeomba jina lirekebishwe, ila ofisi inataka ndugu wa damu wa marehemu kaka yako aje aape na kuweka saini. Anwani ya kwenu ilikuwa ndani ya faili.

Babu anamkumbuka sana. Alimwita Filimbi, kwa sababu alipiga mluzi hata kwenye gwaride. Pole sana, ingawa ni zamani.

Ni mimi,
Mjukuu wa askari


19 Machi

Mjukuu wa watu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Niseme nilikuwa mzima mpaka Jumanne, mtu wa posta alipoleta barua yako.

Umeandika "marehemu". Marehemu nani?

Vita vilipokwisha jeshi lilituletea taarifa: kaka yangu ameruhusiwa, mzima, anarudi nyumbani. Mama akakipaka chokaa chumba chake. Akangoja. Majirani wakasema amelowea huko, amepata mwanamke, njia ameisahau. Mama alipochoka kungoja alikataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba hii. Alipokufa, nikalikataza mimi. Wanangu hawajui kama wana mjomba.

Mama alikufa amemkasirikia. Na Jumanne asubuhi, niko kwenye cherehani nashona sare za shule, mimi pia nilikuwa bado nimemkasirikia.

Mluzi ni kweli. Jino la mbele lilivunjika akiruka ukuta wa jirani.

Sasa unataka niweke saini. Nikiiweka, babu yako anatoka ukutani na kaka yangu anaingia. Unaniomba nimuue kwa kalamu, na hapo hapo unaniulizia afya! Siwezi. Kama kuna la kuniambia, babu yako aliseme kwa kinywa chake, wewe uandike.

Dada yake


26 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nashindwa hata kukuuliza hali.

Nilimsomea Babu barua yako kwa sauti, bila kujua kilichomo, nikidhani ni saini. Nilipofika kwenye "Marehemu nani?" nikakaa chini sakafuni. Babu alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Hawakuambiwa?" Akanitazama kama ni mimi niliyetakiwa kuwaambia. "Hawakuambiwa?"

Haya ni maneno yake. Amenikataza kuyapamba.

"Siku ya sare mashati yalikuja yameshashonwa majina. Langu lilikuwa kubwa kama hema. Lake lilimbana, vifungo havikutani. Tukabadilishana. Sajenti akapita anasoma vifuani, mpiga picha nyuma yake. Filimbi akasema, 'Afande, majina yamepishana.' Sajenti akasema, 'Jeshini jina ni lile lililo kifuani. Ukitaka shati likutoshe, chukua na jina lake.' Kikosi kizima kikacheka. Sisi ndio tulicheka zaidi. Tukazoea kuitikiana.

"Asubuhi moja tulikuwa tunachota maji. Yeye alikuwa mbele na ndoo, anapiga mluzi. Kombora likaanguka, na mluzi ukakatika. Hakulia, dada yangu, hakuita mtu. Mimi niliumia mguu. Hospitalini nikamwambia ofisa: aliyekufa ni yeye, mimi ndiye huyu, majina yamepishana. Akaandika. Akasema, 'Tulia upone, kwao wataambiwa.' Nilipofika kwetu nilikuta wameshanililia, mama yangu akazimia mlangoni. Nikaamini kwamba kama sisi tulipelekewa uongo, nyinyi mmepelekewa ukweli. Kwenu sikupajua. Alisema tu ni mbele ya reli."

Ni hayo. Bibi, mimi nilikuandikia msiba kama mtu anayeazima sindano. Sijui nitakuombaje radhi.

Babu amesema ombi lifutwe. Anasema hataki kurudishiwa jina kwa kukunyang'anya kaka. Atazikwa kama raia, basi. Nimekufungia shati lenyewe, lenye jina la kaka yako. Muda wote lilikuwa chini ya godoro lake, nasi tulidhani ni la kwake.

Mjukuu mwenye aibu


30 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sikuandikii kukuhimiza. Nataka tu kujua kama shati lilifika, maana Babu anauliza kila mlango unapogongwa. Hatoki kitandani tena. Amekonda, mabega yamebaki kama ya mtoto. Karani alipiga simu kuuliza kama tumefuta ombi. Nilinyamaza, akakata.

Mjukuu


12 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mpe babu yako salamu zangu, na umwambie asithubutu kwenda popote kabla ya kuvaa kilichomo ndani ya kifurushi hiki.

Shati lilifika. Nililitandaza juu ya meza ya kukatia, nikalipapasa ubavuni. Lile hema la babu yako, mjukuu wangu, lilihitaji mishono miwili tu. Mwanafunzi wangu angelipunguza kabla chai haijapoa. Na hili la kaka yangu lina akiba ya kitambaa kwenye mishono, lingeachiwa likamtosha. Mishono miwili, na Mama angejua amlilie. Nilishindwa hata kutunga uzi. Nikafunga duka.

Kisha nikawaita wanangu, watu wenye mvi zao, nikawaambia, "Mna mjomba." Mkubwa akauliza, "Yuko wapi?" Hapo ndipo nilipolia. Tumemwekea msiba. Katika wale majirani waliosema amelowea amebaki mmoja. Alikuja na mkongojo wake, akakaa pembeni. Nilimpa chai.

Kile kitambaa chenye jina nimekifumua, kinabaki kwangu. Pale kilipokuwa nimeshona jina la babu yako, kwa uzi wa rangi ile ile. Ubavu nimeupunguza, kwa kuwa umesema amekonda. Likimbana, uniambie. Safari hii asibadilishane na mtu.

Ombi msilifute. Nimekwenda ofisini, nimeapa, nimeweka saini. Karani alikuwa anajaza fomu huku ananiuliza. Akafika mahali akasema, "Bibi, kaka yako alifariki tarehe gani?"

Nikamwambia, "Andika Jumanne, siku barua ilipofika."

Akainua kichwa. "Lakini Bibi, maelezo ya mzee yanasema alifia vitani."

"Huyo wa vitani ni wa kwenu," nikamwambia. "Wa kwetu alikuwa hai mpaka Jumanne."

Bibi yako,
dada wa Filimbi